Tundu la Bega la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Guangzhou nilikuta dosari arobaini, na ya arobaini ilikuwa nyuma ya suruali ya bosi.

Naanzia hapo kwa sababu nyinyi vijana mnaoshuka siku hizi na simu mbili mbili mnadhani kukagua mzigo ni kuupiga picha ukamtumia mteja. Wakati wetu ilikuwa macho na vidole. Ghala nililopokelewa lilikuwa Liuhua, karibu na stesheni kuu ya treni, refu hivi kwamba ukiingia mlango wa mbele umenyoa, unatokea wa nyuma na ndevu. Msimamizi wa Ghala alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mpole, anatembea kama anaogopa kuiumiza sakafu. Akaniuliza, "Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni, mzee. Ndani mwalimu alikuwa na fimbo."

"Kushona je?"

"Baba alikuwa fundi cherehani Magomeni. Akikosea, mimi ndiye nilikuwa nafumua."

Akanimwagia belo la suruali sakafuni. Belo, kwa asiyejua, ni mzigo wa nguo uliokandamizwa kwa mashine na kufungwa kamba mpaka ukawa kama tofali la majitu. Akasema, "Humu mna mbovu tatu. Nitafutie." Nikakaa chini. Kufika adhuhuri nilikuwa nimetoa mbovu thelathini na tisa: zipu zinazouma, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, mifuko iliyoshonwa ikafungwa isiingie hata sarafu. Msimamizi akainama kuziangalia, na alipoinama nikaona mshono wake wa nyuma umeachia, kidole kizima kinapita.

Nikavua shati langu la juu, nikabaki na fulana. Nikamwambia polepole, "Mzee, jifunge hili kiunoni. Huku nyuma kuna upepo."

Akajipapasa. Akacheka mpaka wapagazi wakaacha matoroli. Alipomaliza akafuta machozi, akaniambia, "Kazi umepata. Na sikiliza, mwanangu, sina somo lingine zaidi ya hili. Dosari ya nguo, itangaze. Dosari ya mtu, isitiri."

Hilo neno nililibeba miaka kumi na saba. Lilinilisha, na siku moja nusura linirudishe nyumbani na aibu. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Baada ya Liuhua nilihamishiwa Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya jumla ambayo nguo zake zikitandikwa chini zinafika Dodoma na kurudi. Pale nilikuwa chini ya Mkuu wa Manunuzi, mtu wa Kariakoo, mkali, hasemi mara mbili. Huyo ndiye aliyenifundisha ukaguzi wenyewe. Katika kila mabelo kumi unafungua moja, tena huchagui la juu, unachomoa la chini kabisa, maana muuzaji anaficha mbovu pale anapodhani mgongo wako hautaki kufika. Nguo unaivuta kwa dole gumba upande wa mshono, ukiona meno ya uzi, irudishe. Shingo ya fulana unaivuta kwa nguvu kisha unaiachia, isiporudi mahali pake ujue ikifuliwa mara tatu itakuwa shingo ya twiga. Chapa unaipima kwa futi ya fundi kutoka kushoto na kulia, zikipishana hata nusu kidole, unasema "bu xing", yaani haifai, na unasema ukiwa umeshashika njia ya mlango.

Mkuu wa Manunuzi alinisikia nikisema "bu xing" siku moja mara mia nne, akaniambia, "Wewe sasa nitakuita Dosari." Jina langu la kuzaliwa likafia pale. Hata msikitini watu waliniita Mzee Dosari. Macho yangu yalikuwa yanaona uzi uliokatika kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya barabara, basi likiwa limepita katikati.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Xiaobei, mtaa wa Dengfeng, kwa Bi Zuwena. Mzanzibari yule, mwanamke wa mambo, ofisi yake ghorofa ya pili juu ya mkahawa, chumba kimoja chenye meza mbili, mashine ya chai na mabelo. Wateja wa nyumbani walimtumia oda, yeye akitafuta kiwanda, mimi nikikagua, mzigo unapanda kontena. Kwenye kila simu alisema sentensi moja: "Mzigo uliopita mkononi mwa Dosari haurudi." Kisha akikata simu ananigeukia mimi.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bi Mkubwa."

"Ukirudi mmoja tu, meza yako naiuza, nawe unapanda ndege ukafumue vifungo Magomeni. Mie sina mdomo wa pili wa kuwaambia watu."

Hakuwa anatania. Biashara yake yote ilikuwa ni lile neno lake, na neno lake lilikaa juu ya vidole vyangu. Miaka yote ile haukurudi hata mfuko.

Sasa, akaja Mswidi.

Ilikuwa asubuhi, nakunywa chai. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele kama zimekatwa kwa meno, viatu vya kijeshi ambavyo vita vyake vilikwisha zamani. Koti lake kachomeka pini za kufungia nepi, nyingi, utadhani kaacha watoto ishirini uchi huko alikotoka. Nikajiandaa kusema "hello", lile moja ninalolijua. Yeye akasema, "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Chai ilinitoka puani.

Jina lake Annika. Amekulia Singida, wazazi wake walikuwa wanachimba visima vya maji, akarudi kwao Uswidi akiwa na miaka kumi na nne. Kiswahili chake cha bara kabisa, kimenyooka kuliko changu. Alikuwa na bendi, watu wanne, wanapiga muziki unaoitwa panki. Jina la bendi kwa Kiswidi siwezi kulitamka bila kujiuma, lakini maana yake ni Msumari, nasi tukaiita hivyo, Bendi ya Msumari. Miezi mitatu mbele walikuwa wanakuja kupiga miji ya China, wanaanzia hapa Guangzhou, na walitaka fulana mia sita za kuuza kwenye maonyesho yao. Mtu wa Singida alimwambia Xiaobei kuna Bi Zuwena.

Bi Zuwena akatoa sentensi yake. "Mzigo uliopita mkononi mwa Dosari haurudi."

"Ndiyo maana nimekuja," Annika akasema. Akafungua begi, akatoa fulana moja nyeusi, akampa Bi Zuwena kwa mikono miwili, namna mtu anavyokupa mtoto mchanga. "Sampuli ndiyo hii. Nataka zote ziwe kama hii. Kama ilivyo, mama."

Nami nilikuwa nimeshaiona. Masikini ya Mungu! Fulana ilikuwa imechanika kwapani, imetoboka tumboni, bega la kushoto lina tundu la kupita yai. Chapa ya msumari imepanda juu kushoto, imelala upande kama mtu aliyelewa. Pindo la chini limeachia lote, linaning'inia, na pini za nepi zimechomekwa huku na huku. Nikamtazama Annika, viatu vile, nywele zile, na fulana ile aliyotoa kwenye begi kama ndiyo nguo yake ya Idi. Roho ikaniuma. Juu ya chapati moja ya kukaribishwa, nikamwongezea nyingine bila kuombwa. Akala. Nikamwongezea ya tatu.

Sampuli kwenye kazi yetu ni kitu kitakatifu. Mteja akishaikubali inaingia kwenye mfuko, mfuko unapigwa muhuri, na kiwanda kinatengeneza mzigo kwa kuitazama hiyo. Ukitokea ugomvi, mfuko unafunguliwa mbele ya wote, hakuna tena nilidhani wala niliambiwa. Bi Zuwena akapiga muhuri, akanikabidhi. Wiki ileile akasafiri kwenda Unguja, mpwa wake anaolewa, na harusi ya Unguja mnaijua, ni kama ujenzi wa barabara. Akiwa uwanja wa ndege alinipigia.

"Dosari, ya Mswidi fata sampuli. Usitie wala usitoe."

"Sawa, Bi Mkubwa."

Nikakata simu, nikakaa na ule mfuko mapajani. Nikasema moyoni, huyu binti anadhalilika. Katoka kwao Ulaya na fulana mbovu, hana nyingine, kaona haya kusema, kasema tu zote ziwe kama hii. Nikimpigia kumuuliza, "Dada, mbona nguo yako imechanika?", si nitakuwa nimemvua nguo hadharani? Dosari ya mtu, isitiri. Nikavunja muhuri kwa mkono wangu mwenyewe, nikachukua sindano.

Wallahi, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilitililia. Kutililia ni kupitisha uzi juu ya tundu, kwenda na kurudi, unafuma kitambaa kipya mahali pa kile kilichokufa, mpaka tundu lisijue kama liliwahi kuwa tundu. Siku mbili nilishona. Tumboni, kwapani, pindo, kisha lile bega la kushoto, hilo ndilo nililolipamba. Pini nikazichomoa. Nikafua, nikapiga pasi, nikairudisha kwenye mfuko, muhuri mwingine. Ilikuwa fulana ya mtu wa heshima, unaingia nayo benki.

Kiwandani ni saa moja na nusu kwa basi. Laoban wa pale, laoban ndiyo bosi kwa Kichina, alikuwa mama mfupi mwenye kalamu sikioni. Alikuwa na karatasi ya oda ambayo Annika aliituma na michoro, na kwenye michoro kuna viduara. Akanionyesha viduara, akanionyesha mkasi, akachana hewani, chwaa, chwaa, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia, "Bu yao, bu yao!" Sitaki, sitaki. Nikamtolea sampuli yangu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akanitazama, akaitazama karatasi, akainua mabega. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba na chapa ile mlevi aisimamishe, iwe katikati, na ule msumari wenyewe aunyooshe kidogo. Kichina changu kilitosha mpaka hapo. Kingetosha zaidi kidogo tu, kingeniokoa.

Fulana mia sita zikatoka. Sikufungua moja katika kumi, nilifungua zote. Hakuna meno ya uzi, hakuna shingo ya twiga. Nikaziona zimelala zimekunjwa, misumari mia sita imesimama kama gwaride.

Bi Zuwena akarudi Jumatano. Annika akaja Alhamisi asubuhi, kaletwa na gari la watu wa ukumbi, onyesho Jumamosi. Nikampa chai, nikafungua belo kwa madaha, nikamtandazia fulana mezani.

Akaichukua, akaigeuza nyuma. Akaiweka. Akachukua nyingine, na nyingine. Bi Zuwena akaanza kunitazama mimi.

"Mzee," Annika akasema, "matundu yako wapi?"

Nikatabasamu. "Hakuna hata moja, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Akakaa juu ya belo. Akaeleza taratibu, namna unavyomweleza mgonjwa. Panki ndivyo ilivyo. Nguo inachanwa makusudi, msumari umepindwa makusudi, chapa imewekwa upande makusudi. Kwao, walipoanza, walikuwa watoto wa mji mdogo wa baridi, wamejifungia chumba cha chini cha maktaba, hakuna anayejua kupiga gita. Madukani nguo zote nzuri zilikuwa zinawaambia kwamba wao si wazuri. Wakachana. Wakashika vidole vitatu kwenye gita, wakapiga. Watu wakasema hamjui, wao wakajibu ndiyo, hatujui, sogea tupige. Na wasichana wa miji mingine wakasikia wakasema kumbe hata asiyejua anaruhusiwa, nao wakaanzisha bendi zao, kwao Uswidi, halafu mbali, mpaka huku China kuna watu wanazijua nyimbo zao neno kwa neno.

"Kwa hiyo," nikasema, sauti imebaki nusu, "mbovu ndiyo nzima."

"Ndiyo mzee. Na ile sampuli yangu mnayo?"

Bi Zuwena akaleta mfuko, akauweka mezani, akaona muhuri si wake. Akanitazama. Mimi nimewahi kutazamwa na askari wa mpakani, nimewahi kutazamwa na mama mkwe, lakini kutazamwa kule! Akafungua.

Annika akaishika fulana yake. Akapapasa kwapani. Akapapasa tumbo. Sasa hakuwa anaongea tena kama mteja.

"Hii niliivaa onyesho la kwanza," akasema. "Hapa tumboni palichomwa na taa ya jukwaani. Hapa kwapani niliruka, pakachanika, watu wakashangilia, ndiyo mara ya kwanza maishani nilishangiliwa. Hapa begani..." Akatafuta. Akageuza ndani nje. "Hapa begani mpiga ngoma wetu alinishika nisianguke jukwaani. Alikuwa rafiki yangu toka shule. Amefariki mwaka jana."

Nikasikia mashine ya chai inachemka. Hakuna aliyekwenda kuizima.

"Dosari," Bi Zuwena akasema, polepole sana, "kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Mimi kudanganya ni kipaji, mnanijua. Nikasema kweli. "Nilimwona kaja na fulana imechanika, Bi Mkubwa. Nikadhani hana. Nikaona kumuuliza ni kumfedhehesha. Nikamsitiri."

Annika akanigeukia. "Na zile chapati tatu?"

"Nilidhani una njaa."

Akaanza kucheka huku analia, sijui kipi kilitangulia. Bi Zuwena hakucheka. Alisimama, akasema, "Mwanangu Annika, mzigo huu umerudi. Neno langu nililitoa mie, nalikula mie. Jumamosi fulana zako utazipata kama ulivyotaka. Na huyu," akanielekeza kidole bila kunitazama, "kiti chake tutakizungumza Jumapili."

Sasa njooni muone mkaguzi mkuu wa Xiaobei akipewa mkasi achane fulana nzima. Siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, mpaka magharibi. Bi Zuwena alivua bangili akachana. Annika alichana huku anatuelekeza, hapa kwapani, hapa tumboni, hapa begani, pini hapa. Msumari uliosimama hakuna la kuufanya, chapa haichanwi, Annika akasema acha, huo umekula kiapo cha kusimama. Mimi ile ya kwanza nilishika mkasi, mkono ukakataa, kabisa, kama ng'ombe mbele ya daraja. Bi Zuwena akasema, "Chana, Dosari." Nikachana nikasema astaghafirullah. Ya pili astaghafirullah. Kufika ya mia tatu nilikuwa nachana kwa meno, na nakiri mbele yenu, inapendeza. Kuna kitu kinatoka kifuani. Zile arobaini za mwisho wapagazi wa Guangyuan waliokuja kuchukua mzigo mwingine walizichana wao, wanacheka, na mmoja aliondoka na yake kaivaa.

Lakini fulana ile yenyewe haikuwa ya mkasi. Ukikata palipotililiwa unapata tundu jipya, la mkasi, si lile. Ilibidi nifumue. Usiku nililala, sikufumua usiku, maana uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi unataka jua. Ijumaa baada ya swala ya mchana nikakaa dirishani, nikatoa uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Annika akavuta kiti akakaa pembeni, ananisimulia Singida. Tumbo likafunguka, alama ya moto iko palepale. Kwapa likafunguka. Pindo likashuka.

Nikafika bega la kushoto. Nikatafuta. Nikawasha taa ya simu. Nikageuza ndani. Nikapapasa kwa dole gumba hili lililokagua mabelo ya kujaza bahari. Sikuliona. Mimi mwenyewe, fundi mwenyewe, sikujua tundu lilikuwa wapi.

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia. "Nimelishona vibaya kwa uzuri. Nikivuta uzi wowote hapa nitachana pasipokuwa penyewe. Nisamehe. Huyo rafiki yako nimemfunika."

Akaichukua fulana, akaweka kiganja juu ya lile bega. Akakaa hivyo. Nje watu wa Dengfeng wanapiga kelele zao, anayebadilisha pesa, anayeuza simu.

"Bado yupo hapa," akasema. "Sasa kashikwa yeye."

Jumamosi saa kumi na moja jioni alitutumia gari, mimi na Bi Zuwena. Ukumbi ulikuwa mdogo, zamani ghala, harufu ya ghala naijua. Vijana wa Kichina wamejaa, wamechanika kila mahali, nami macho yangu, tabia haina dawa, yanahesabu: shingo imevutika, pindo limeachia, mfuko umening'inia, bu xing, bu xing, bu xing. Kabla ya Msumari wakapanda wasichana watatu wa hapahapa. Yule wa gita nikamtambua. Ndiye muuza zipu wa Guangyuan, miaka nane nabishana naye bei! Kumbe alijifunza kwa kuwasikiliza hawa Waswidi kwenye simu, chini ya meza ya duka. Wimbo wao ulikuwa na neno moja, "mei you", hakuna, lile analoniambia kila nikiulizia zipu za shaba. Alilipiga kelele mara mia, na ukumbi mzima ukamwitikia, mei you! Watu wanaolisema kutwa nzima kwa upole, siku ile walilisema wanavyotaka. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ile habari ya chumba cha chini cha maktaba.

Kisha wakaja Msumari. Ngoma, masikio! Ni kama mabati elfu yanashuka ngazi, na mwenyewe kayafuata kwa pikipiki. Wimbo mmoja dakika mbili, kabla hujapata pa kuweka mguu umekwisha. Bi Zuwena kajiziba masikio kwa ncha za mtandio, lakini mguu wake ulikuwa unapiga chini, nimeuona, na akikataa mwiteni mbele yangu. Annika alikuwa kavaa fulana ile. Tumbo wazi, kwapa wazi, bega la kushoto zima. Fulana mia sita ziliisha katika miji yao yote, hazikubaki hata za kufutia meza.

Jumapili nilikwenda ofisini nimevaa shati la safari. Bi Zuwena alikuwa kwenye simu. Nikasikia anasema, "Mzigo uliopita mkononi mwa Dosari..." akanyamaza, akanitazama, "...haurudi bila ya kutengenezwa." Akakata. Akaniambia, "Kaa. Siku nyengine ukiona tundu la mtu, uliza kwanza. Hiyo ndiyo adabu yenyewe, kumuuliza. Kusitiri bila kuuliza ni kumhukumu mtu kimyakimya." Nikakaa. Meza haikuuzwa.

Mwaka uliofuata ilikuja sampuli kutoka Uswidi. Nilipiga simu kabla sijagusa muhuri. Fulana nyeusi, tundu tumboni, tundu kwapani, msumari safari hii umesimama wima, katikati. Na bega la kushoto wametoboa kisha wakatililia, kwa uzi mwekundu ili uonekane. Annika aliniambia mashabiki walimuuliza kuhusu lile bega, akawasimulia jukwaani, sasa vijana kwao wanajifunza kutililia, wanakaa kabla ya onyesho wanashoneana nguo, mmoja anamshonea mwenziwe bega. Na zile chache tulizobaki nazo za mwaka ule wa pili zilikwenda Dar, na kaka yangu ananitumia video, Temeke sasa vijana wanachana fulana nzima kisha wanawapelekea mafundi wazishone begani kwa uzi mwekundu. Baba yangu angefufuka angewafukuza na futi.

Mwezi uliopita nimestaafu. Macho yamekwisha, sasa uzi naona ukiwa kamba. Bi Zuwena alifanya shughuli pale mkahawani chini ya ofisi, pilau, watu wamejaa mpaka ngazini. Akaingia akiwa kavaa baibui jipya, na nyuma, kuanzia goti kushuka, limechanika, nyuzi zinaning'inia. Zamani ningevua shati. Lakini mimi ni mtu niliyefunzwa. Nikalitazama vizuri, nikaona limechanika kwa mshazari, kisasa. Nikasimama mbele ya watu nikasema kwa sauti, "Bi Mkubwa! Leo umenyooka! Hata Waswidi hawakufikii!"

Watu wakapiga makofi. Yeye akanisogelea, mdomo hausogei.

"Dosari."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Nimenaswa na toroli la mizigo hapo kona. Sindano unayo?"

Kazi yangu ya mwisho Guangzhou nilifanyia jikoni, yeye kasimama katikati ya masufuria, mimi nimepiga magoti nyuma yake natililia kwa kupapasa. Alikuwa ananisema mwanzo mpaka mwisho. Uzi mweusi uliniishia kabla ya kumaliza, nikamuuliza kwanza, akasema tia wowote, na mfukoni nilikuwa na mwekundu.